Usiulize ni radi ya aina gani, uliza inapita wapi

Kila masika yanapokaribia, taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutaja mvua zinazoambatana na ngurumo, na wakazi wa Bunju, Mabwepande, Mbagala, Chamazi na Toangoma huanza kupiga hesabu za maji. Wanajiuliza kama Jangwani patapitika, kama Mto Mzinga utafurika, kama bodaboda atakubali kuingia mtaani kwa nauli ile ile. Ni hesabu za haki, maana mafuriko yameshaua watu na kubomoa nyumba katika jiji hili. Lakini neno la pili katika taarifa hiyo, ngurumo, hupita masikioni kama pambo la mvua. Likijadiliwa kijiweni, mjadala hugeuka haraka kuwa wa aina: kuna radi kavu, kuna radi yenye moto, kuna radi ya kutumwa, na kila mmoja ana yake anayoiogopa kuliko nyingine.

Aina za radi zipo kweli, na sayansi inazitambua kwa majina yake. Hoja ya makala haya ni kwamba kwa mkazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam aina si jambo la kwanza. Kinachoamua nani afe na nani anusurike ni njia ambayo umeme wa radi unaipata kutoka angani hadi ardhini, na kama mwili wa mtu umo katika njia hiyo au haumo. Tukilielewa hilo, radi inaacha kuwa bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja na kuwa suala la ujenzi, la ratiba za shule na michezo, na la mpangilio wa matumizi ya fedha za umma.

Tuanze na angani. Ndani ya wingu zito la mvua, ambalo katika nchi za joto kama yetu hupanda hadi kilomita 12 au zaidi, chembe za barafu na mvua ya mawe husuguana zikipanda na kushuka. Msuguano huo hutenganisha chaji: sehemu ya chini ya wingu hubaki na chaji hasi, sehemu ya juu chaji chanya. Tofauti ikizidi kiasi ambacho hewa inaweza kuhimili, umeme huruka. Takriban robo tatu ya mimuliko yote huishia humo humo ndani ya wingu au huruka kutoka wingu moja hadi jingine. Huo ndio umeme unaowasha anga lote usiku, wakati mwingine bila sauti kwa kuwa uko mbali, na ndio unaowatisha wengi ingawa haumgusi mtu aliye ardhini.

Robo iliyobaki ndiyo hushuka. Nyingi kati ya hizo hubeba chaji hasi kutoka chini ya wingu. Mkondo wake hufikia ampea 30,000 hivi, wakati nyumba ya kawaida yenye meta ya LUKU haitumii hata ampea 60 kwa wakati mmoja. Hewa inayopitiwa na mkondo huo hupata joto la nyuzi 30,000 hivi, mara tano ya joto la uso wa jua, na kupanuka kwa ghafla kwa hewa hiyo ndiko kunakotoa ngurumo. Chache, chini ya moja katika kila kumi, hubeba chaji chanya kutoka kilele cha wingu. Hizi huwa na nguvu kubwa zaidi, hudumu muda mrefu zaidi, na zinaweza kupiga zaidi ya kilomita 15 kutoka mahali mvua inaponyesha. Zinaweza kumpata hata mtu aliye chini ya anga jeupe. Zipo pia zinazopanda kutoka ardhini kwenda juu, hasa kwenye minara ya simu na majengo marefu, na ipo ile ya tufe la mwanga linaloelea, ambayo ni adimu kiasi kwamba wanasayansi wa China walipofanikiwa kupima mwanga wake mwaka 2012 ilikuwa habari ya dunia nzima. Mkazi wa Mbande hana haja ya kupoteza usingizi kwa ajili ya tufe hilo.

Sasa tuteremke ardhini, kwenye ushahidi wa vifo. Oktoba 2018 radi ilipiga Shule ya Msingi Emaco Vision mkoani Geita na kuua wanafunzi sita. Juni 2011 radi moja iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika Shule ya Msingi Runyanya, wilayani Kiryandongo, Uganda. Machi 2018 iliua waumini 16 kanisani wilayani Nyaruguru, kusini mwa Rwanda. Novemba 2, 2024, katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda, watu 14 waliokuwa katika ibada ndani ya jengo la mabati walipoteza maisha na zaidi ya 30 wakajeruhiwa. Na rekodi inayotambuliwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) ya vifo vingi zaidi vilivyosababishwa moja kwa moja na radi moja ni ya mwaka 1975, nchini Zimbabwe ya leo, ambako watu 21 waliokuwa wamejihifadhi ndani ya kibanda walikufa pamoja.

Ukiyatazama matukio hayo kwa pamoja, utaona kwamba hakuna hata moja ambalo marehemu walikuwa wamesimama peke yao kilimani wakiichokoza mbingu. Wote walikuwa wamekusanyika, wengi wao chini ya paa, mahali walipopaamini. Mtu akishikilia hesabu ya kijiweni, kwamba radi ni mshale unaomtafuta mmoja, hawezi kueleza watoto 18 kwa pigo moja. Maelezo yanapatikana kwenye njia ya umeme. Dk Mary Ann Cooper, daktari wa Marekani aliyetumia maisha yake kuchunguza majeruhi wa radi na ambaye ni mmoja wa waanzilishi wa ACLENet, mtandao wa Afrika wa kupambana na vifo vya radi wenye makao Uganda, anakadiria kwamba wanaopigwa moja kwa moja ni kama asilimia 3 hadi 5 tu ya waathirika. Takriban nusu hupatwa na mkondo unaosambaa ardhini baada ya radi kupiga jirani. Karibu theluthi hurukiwa na umeme kutoka kwenye mti, nguzo au ukuta uliopigwa. Waliobaki ni walioshika kitu kinachopitisha umeme, au waliopatwa na cheche zinazopanda kutoka mwilini kuelekea wingu hata kabla ya radi yenyewe kutua.

Mkondo wa ardhini ndio usiofahamika zaidi na ndio unaoua zaidi. Radi ikitua, umeme hautoweki mahali pale. Husambaa pande zote, ukipungua kadiri unavyokwenda mbali. Mtu aliyesimama huku miguu imeachana, mguu mmoja ukiwa karibu na pigo kuliko mwingine, huwa na tofauti ya volti kati ya nyayo zake, na umeme hupanda mguu huu na kushukia ule. Ng'ombe na wanyama wengine wa miguu minne huumia zaidi kwa sababu miguu yao ya mbele na ya nyuma iko mbali, na moyo uko katikati ya njia. Agosti 2016, katika nyanda za Hardangervidda nchini Norway, kulungu wa nchi za baridi (reindeer) 323 walikutwa wamekufa mahali pamoja baada ya dhoruba ya radi. Hakuna aliyeamini kwamba kila mmoja alipigwa kivyake. Ardhi ndiyo iliyowafikishia umeme.

Kwa kipimo hicho, itazame nyumba ya kawaida ya Chamazi au Mabwepande. Ukuta wa tofali za sementi, kenchi za mbao, bati la msauzi. Chini ya bati kuna dari, na juu ya dari nyaya za umeme zimepitishwa kwenye mabomba ya plastiki hadi kwenye swichi. Juu ya paa kuna dishi la king'amuzi ambalo waya wake umeingia sebuleni kupitia tundu la dirisha. Nje kuna simtanki juu ya mnara wa nondo, na waya wa kuanikia nguo uliofungwa kutoka kwenye grili ya dirisha hadi kwenye mwembe. Kila kimoja kati ya hivyo ni kipande cha njia, na hakuna kilichofika ardhini kwa ukamilifu. Radi ikitua kwenye mwembe, waya wa nguo unaileta dirishani. Ikitua kwenye bati, inasambaa juu ya paa, kisha inatafuta pa kushukia: waya wa dishi, nyaya za dari, nondo za nguzo, na mwishowe mtu aliyeegemea ukuta au aliyeshika simu iliyochomekwa kwenye chaji. Umeme wa radi una tabia ya maji ya mvua kwenye mtaa usio na mfereji: hayaachi kushuka kwa sababu hayakutengenezewa njia, yanapita sebuleni kwa watu.

Hapo ndipo penye kosa la wengi wanaolilaumu bati. Chuma hakiivuti radi kutoka mbinguni. Kinachoifanya ichague mahali ni urefu wa kitu, ncha yake na kutengwa kwake. Mnazi uliobaki peke yake kwenye kiwanja hauna chuma hata kidogo, na unapigwa. Paa la bati lililounganishwa vizuri na kushushwa hadi ardhini kwa nyaya nene pembe zote ni miongoni mwa kinga bora zinazopatikana. Tatizo la mabati ya Palabek, na la mabati ya maelfu ya vibanda na fremu za maduka kuanzia Tegeta hadi Mbagala Rangi Tatu, ni kwamba yanaelea juu ya mbao na tofali bila kuunganishwa na chochote.

Fundi umeme anaweza kupinga hapa kwamba nyumba zote zilizounganishwa na TANESCO zina eathi. Ni kweli, na ni jambo jema, lakini eathi ile imewekwa kwa kazi nyingine. Kazi yake ni kupeleka ardhini umeme unaovuja kwenye pasi au friji, ili kikata umeme kijizime kabla mtu hajadhurika. Waya wake ni mwembamba, na chuma chake mara nyingi kimesimikwa kwenye mchanga mkavu wa Pwani usiopitisha umeme vizuri. Haukukusudiwa kubeba ampea 30,000 kutoka juu ya paa. Kinga ya radi ni mfumo wenye sehemu tatu: ncha au nyaya za kuipokea juu ya paa, nyaya nene za kuishusha nje ya ukuta, na vyuma vya kuitawanya ardhini, huku kila chuma kikubwa cha jengo kikiwa kimeunganishwa humo ili umeme usiwe na sababu ya kuruka. Viwango vya kimataifa vya IEC 62305 vinaeleza hayo kwa kina, na haviruhusu kufanya nusu. Fimbo iliyosimama juu ya paa wakati waya wake umekatwa na kuuzwa kwenye vyuma chakavu ni hatari kuliko kutokuwa na fimbo kabisa. Kwa sababu shaba ina soko, alumini au chuma cha mabati kinafaa zaidi mitaani kwetu, na viwango hivyo hivyo vinavikubali.

Lipo pingamizi la pili, nalo lina uzito: Dar es Salaam si Kanda ya Ziwa. Ni kweli. Uchambuzi wa takwimu za setelaiti za NASA uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, mashariki mwa Congo, nafasi ya kwanza Afrika kwa mimuliko 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, na Ziwa Victoria ni maarufu kwa dhoruba zake za usiku. Pwani yetu haifikii huko hata kwa mbali. Lakini hatari haipimwi kwa idadi ya mimuliko peke yake. Inapimwa pia kwa idadi ya watu walio chini yake na mahali walipo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, na ongezeko kubwa la jiji liko pembezoni, ambako mashamba ya minazi na mikorosho yamekatwa viwanja na miti michache iliyobaki imekuwa vitu virefu pekee mtaani. Huko ndiko kijiwe cha bodaboda kinapokaa chini ya mwarobaini, mama lishe anapika kwenye banda la mabati, na timu za mtaa zinacheza kwenye viwanja vya wazi jioni ya mawingu. Radi chache juu ya watu wengi wasio na kinga zinatosha kuleta msiba.

Pingamizi la tatu ni la imani. Wapo wanaosema radi hutumwa, na swali lao si la kipuuzi: kwa nini imemuua huyu na kumwacha aliyekuwa naye bega kwa bega? Sayansi inalo jibu. Aliyekufa huenda alikuwa amepanua miguu wakati mwenzake ameibana, au ameegemea nguzo wakati mwenzake yuko katikati ya chumba, au njia ya umeme ilipita moyoni mwake na kwa mwenzake ikapita miguuni tu. Tofauti ya sentimita chache inabadilisha matokeo. Anayeamini kudra ya Mungu hapotezi chochote kwa kukubali maelezo hayo, kwa kuwa kinga haipingi kudra. Anayeamini mkono wa jirani ndiye anayepaswa kutafakari, maana katika nchi hii tuhuma za uchawi zimeshawagharimu maisha vikongwe wasio na hatia. Kufunika vioo au kuvua nguo nyekundu hakumdhuru mtu. Kunamdhuru pale kunapochukua nafasi ya kutoka chini ya mti.

La nne ni gharama, na hapa ndipo hoja inapotakiwa kuwa ya kweli zaidi. Mfumo kamili wa kinga kwa kila nyumba ya Yombo Vituka hauwezekani, na anayeudai anawatwisha watu mzigo usiobebeka. Ndiyo maana mpangilio una maana. Shule inakusanya mamia ya watoto mahali pamoja, saa zile zile, chini ya paa moja. Kinga moja shuleni inalinda watu wengi kwa shilingi chache kwa kila mmoja, na jengo hilo likishakingwa linakuwa kimbilio la mtaa mzima mvua inapokuja. ACLENet imefuata mpangilio huo huo Uganda, ikianza na shule, ya Runyanya ikiwa mojawapo. Halmashauri za Kinondoni na Temeke zinajenga madarasa kila mwaka. Kuiweka kinga ya radi kwenye makadirio ya ujenzi tangu mwanzo ni nafuu kuliko kurudi baadaye na ngazi na mafundi. Baada ya shule zifuate zahanati, masoko na nyumba za ibada.

Wakati fedha zikisubiriwa, yapo yasiyogharimu kitu. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi, kwa hiyo anayehesabu sekunde kati ya mmuliko na ngurumo anajua umbali wake. Na ukweli ni kwamba ukiisikia ngurumo, tayari uko mahali inapoweza kukufikia. Mwamuzi asimamishe mechi ngurumo ya kwanza inaposikika na asiirudishe mpaka dakika 30 zipite tangu ya mwisho. Siku moja baada ya msiba wa Palabek, mchezaji aliuawa na radi uwanjani nchini Peru wakati wachezaji wakitoka baada ya mechi kusimamishwa. Uamuzi ulikuja, lakini ulichelewa. Mvuvi wa Kunduchi arudi pwani mapema. Dereva wa bodaboda aache kuamini tairi za mpira: kinacholinda ndani ya daladala au gari dogo ni bodi ya chuma inayomzunguka abiria, na pikipiki haina bodi, wala bajaji yenye turubai. Nyumbani, king'amuzi na televisheni vichomolewe kabla dhoruba haijafika, simu itumike ikiwa haijachomekwa, na watu wakae mbali na kuta, mabomba ya chuma na madirisha yenye grili.

Na mtu akipigwa, aguswe. Mwili wake haubaki na umeme hata kidogo, na kumwogopa ndiko kunakommaliza. Kwa makadirio yanayotumika sana, takriban watu tisa kati ya kumi wanaopatwa na radi huishi, ingawa baadhi hubaki na matatizo ya masikio, kumbukumbu au maumivu ya muda mrefu. Wanaokufa, wengi hufa kwa sababu moyo na pumzi vimesimama, na mara nyingi moyo huanza tena kudunda wenyewe huku pumzi ikichelewa. Dakika hizo chache mtu wa jirani anayejua kukandamiza kifua na kupuliza pumzi ana thamani kuliko safari ya kwenda Hospitali ya Temeke au Mwananyamala kwenye foleni ya mvua. Majeruhi wakiwa wengi, aanze kuhudumiwa asiyepumua. Anayelia anaweza kusubiri.

Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga, na kwa radi tahadhari hiyo ina wa kuisimamia. Kamati ya shule inaweza kumwita fundi mwenye leseni ya EWURA na kumtaka aoneshe kwa kidole njia ambayo radi itapita kutoka kwenye bati la darasa hadi ardhini. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaweza kuuliza swali hilo hilo kabla ya kupokea jengo jipya la umma, na diwani anaweza kulipeleka kwenye kikao cha bajeti. Fundi akikosa pa kuonesha, jengo lisipokelewe.